Filamu ya njozi baada ya kazi: ipi inapumzisha, ipi inakuongezea kazi?

Nimelala mara tatu katikati ya mkutano uleule. Si mkutano wa kazini, ingawa huko nako macho yamewahi kunisaliti. Ni baraza la Elrond kwenye The Fellowship of the Ring, pale wanadamu, vibete wenye ndevu na watu wa masikio yaliyochongoka wanapoketi duara kujadili pete moja ndogo ipelekwe wapi. Mara ya tatu nilipozinduka, msafara wa watu tisa ulikwisha kuondoka, mzee Gandalf alikuwa anakaribia kutumbukia shimoni, na shavu langu lilikuwa na alama za vitufe vya rimoti.

Filamu yenyewe sina ugomvi nayo. Naipenda. Ugomvi ni wangu na mimi niliyeianza usiku wa siku ya kazi, baada ya kutwa nzima ya kujibu watu, kwa kuwa kila mpenzi wa filamu niliyemuuliza aliniambia kwamba kwa filamu za njozi hakuna ya kuishinda. Labda hakuna. Lakini hakuna aliyeniuliza nimerudije nyumbani siku hiyo.

Orodha za filamu bora ndivyo zilivyo: zinaipima filamu, hazimpimi anayekwenda kuitazama. Hapa nataka kufanya kinyume. Filamu zote ninazozilinganisha ni nzuri, hilo tuliweke kando. Swali ni moja tu: inamdai nini mtu aliyechoka? Ipo inayokudai muda. Ipo inayokudai kumbukumbu, ukariri majina ya wafalme na mito kabla hata hujavua soksi. Na ipo inayokudai moyo, ikuache umekodoa macho gizani saa saba za usiku. Ninaposema njozi nakusudia zile ambamo yasiyowezekana yanatokea na hakuna anayeomba radhi: miti yenye wenyewe, majina yanayoibwa, basi lenye manyoya na miguu kumi na miwili. Vyombo vya angani na roboti nimewaachia wengine.

Kwanza, saa ya ukutani

Tuseme umeoga, umekula, vyombo vimeoshwa, na unakaa kitini saa mbili na nusu usiku. My Neighbor Totoro ina dakika 86, kwa hiyo inakuachia saa nne kasoro dakika nne. The Princess Bride, dakika 98, inaisha saa nne na dakika nane. Spirited Away ni dakika 125, na itakapoisha saa nne na nusu itakuwa imepita. Filamu ya kwanza ya Harry Potter, dakika 152, inakufikisha saa tano. The Fellowship of the Ring, dakika 178 katika toleo lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, inakaribia saa tano na nusu. Ukichukua The Return of the King, ambayo inazidi saa tatu na dakika ishirini, usiku wa manane utakuwa unakaribia nawe ungali hapohapo kitini. Na hesabu hiyo inamhusu mtu asiyesimamisha filamu hata mara moja kwenda msalani. Mtu huyo sijapata kumwona.

Ipo pia saa nyingine isiyoandikwa popote, nayo ni ile ya kutafuta. Unafungua programu ya filamu, unapandisha, unashusha, unatazama vionjo vinne, unakumbuka ya tano, huioni, unarudi kwenye ya kwanza. Nusu saa imekwenda. Kibaya zaidi, nusu saa hiyo ni kazi hasa: kuchagua, kupima, kukataa, yaleyale uliyokuwa ukiyafanya tangu asubuhi. Siku hizi filamu ya jioni naichagua mchana, nikiwa bado na akili, naiandika kwenye karatasi. Jioni mimi ni mtekelezaji tu.

Pete, au kitabu cha babu?

The Fellowship of the Ring na The Princess Bride ndizo watu wengi huzifikiria neno njozi linapotajwa, na ndizo zilizo mbali zaidi kwa kile zinachokudai.

The Fellowship of the Ring ilitoka mwaka 2001, ya kwanza kati ya tatu ambazo Peter Jackson alizipiga kwa mkupuo mmoja huko New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000. Ile ya tatu ilishindania tuzo kumi na moja za Oscar ikazibeba zote kumi na moja. Ukiitazama ukiwa mzima wa mwili na akili, unaelewa kwa nini. Lakini hebu isikilize jinsi inavyoanza. Sauti ya mwanamke inatoka gizani na, kwa dakika chache tu, inakupa historia ya maelfu ya miaka: pete tatu kwa hawa, saba kwa wale, tisa kwa wanadamu, kisha moja ya kuzitawala zote, vita, mfalme aliyeuawa, mwana aliyeichukua pete, pete iliyopotea mtoni, kiumbe aliyeiokota, na mwingine aliyemwokotea huyo. Ukiikosa mahali, saa mbili baadaye mtu atataja jina nawe utajiuliza ni mtu, ni mlima au ni upanga. Kwa aliyetoka kwenye ripoti na barua pepe, huo mwanzo ni ripoti nyingine, isipokuwa hii ina muziki mzuri.

Nikiwa mkweli, baada ya hapo inapoa, na inapoa vizuri. Sehemu ya kijijini, Shire, yenye milango ya duara na sherehe ya mzee anayetimiza miaka 111, ni miongoni mwa vipande vinavyotuliza zaidi katika filamu zote ninazozijua. Majani mabichi, watu wafupi wasiovaa viatu, fataki. Laiti filamu nzima ingekaa pale. Lakini wapanda farasi weusi wanakuja, na tangu hapo ni kukimbizwa. Kupigwa kelele nako kumo: watu wananong'ona, unaongeza sauti, ghafla panga zinagongana na jirani anagonga ukuta. Kama runinga yako ina mpangilio wa usiku unaobana sauti kubwa na kuinua ndogo, uwashe mapema.

Sasa weka pembeni yake The Princess Bride ya Rob Reiner, ya mwaka 1987. Mtoto anaumwa, yuko kitandani, babu yake anakuja na kitabu. Basi. Ndani ya kitabu kuna msichana, kijana wa shambani, jitu lenye moyo mwema, Mhispania anayemsaka mtu mwenye vidole sita aliyemuua baba yake, na mwana wa mfalme mwenye roho mbaya. Huhitaji ramani wala daftari. Mwema unamjua kwa sura, mbaya unamjua kwa sura, na ukisinzia dakika tano ukiamka utakuta bado wanafukuzana.

Kilichonifanya niiweke juu ya nyingine zote kwa jioni ya kazi ni yule babu. Hadithi inapofika mahali pa kutisha, binti yumo majini na samaki mkubwa anamjia, babu anasimamisha kusoma na kumwambia mjukuu kwamba haliwi, asiwe na wasiwasi. Anaiharibu hadithi yake mwenyewe kwa makusudi, kwa kuwa amemwona mtoto ameshika shuka. Ni filamu chache zinazomjali mtazamaji kiasi hicho. Unaposikia maneno yale ukiwa mtu mzima, na siku yako imekuwa mbaya, mabega yanashuka yenyewe. Ni ile paukwa-pakawa tuliyoizoea: msimuliaji yupo, ana sura, ana mikono, na hawezi kukuacha porini.

Na wala si filamu ya kitoto. Pambano la panga juu ya mwamba, kati ya Mhispania na yule mtu wa barakoa nyeusi, wachezaji Mandy Patinkin na Cary Elwes walilifanyia mazoezi kwa muda mrefu na wakalicheza wenyewe karibu lote, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, huku wanasifiana kwa adabu kama watu waliokutana harusini. Filamu haikuvuma sana ilipotoka. Ilikuja kupendwa baadaye kupitia kanda za video, watu wakiitazama majumbani, na mwaka 2016 Marekani iliiingiza kwenye hazina yake ya taifa ya filamu. Sishangai kwamba ilipata umaarufu majumbani. Ni filamu ya kochi.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili: Jumatatu hadi Alhamisi, babu na kitabu chake. Pete isubiri siku ambayo kesho yake huamki mapema, au uigawe, na jinsi ya kuigawa nitaieleza.

Kituo cha basi, au bafu la mchawi?

Kati ya My Neighbor Totoro na Spirited Away uchaguzi ni mgumu zaidi, kwa sababu zote mbili ni katuni, zote za Hayao Miyazaki wa Studio Ghibli ya Japani, zote zimetiwa muziki na Joe Hisaishi, na watu huzipendekeza kwa pumzi moja kana kwamba ni dawa ileile. Si dawa ileile.

My Neighbor Totoro, ya mwaka 1988, haina mtu mbaya. Narudia kwa sababu si jambo la kawaida: katika dakika 86 hakuna adui, hakuna mchawi, hakuna vita, hakuna anayetaka kuitawala dunia. Dada wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanahamia na baba yao kwenye nyumba kuukuu ya shambani ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama. Nyumbani kuna masizi yenye macho yanayokimbilia nyufani. Msituni kuna dubwana la manyoya linalolala ndani ya mti mkubwa. Mei anamkuta, anapanda tumboni mwake, naye analala. Hilo ni tukio kubwa la nusu ya kwanza: mtoto amelala juu ya tumbo la mnyama. Ukisinzia pamoja naye hujakosea, umeshiriki.

Lakini kipande ninachokirudia ni kile cha kituo cha basi. Ni usiku, mvua inanyesha, dada mkubwa amembeba mdogo mgongoni, wanamsubiri baba aliyechelewa kurudi kutoka kazini. Hakuna linalotokea. Matone yanadondoka. Kisha dubwana linakuja na kusimama karibu nao, nalo linasubiri basi lake, na kichwani limejifunika jani. Msichana analikabidhi mwavuli. Linasikia tone likigonga mwavuli, linapendezwa, linaruka kwa nguvu ili matone yote ya mtini yaanguke kwa pamoja. Nimekitazama mara nyingi kabla sijagundua kwamba mtu anayesubiriwa pale ni sisi, tuliochelewa kazini. Ni filamu chache zinazokuonyesha mwisho wa siku yako kutoka upande wa wanaokungoja.

Miyazaki alipozungumza na mhakiki Roger Ebert alieleza hiyo nafasi kwa kupiga makofi. Alipiga mara kadhaa, kisha akasema kwamba ule muda ulio kati ya kofi na kofi una jina katika Kijapani, unaitwa ma, na kwamba filamu yenye matukio mfululizo bila pumzi ni pilikapilika tu. Tangu nisome hayo, ndicho kipimo changu. Kabla ya kuchagua filamu ya jioni najiuliza kama kati ya makofi yake kuna nafasi. Siku ya kazi yenyewe ni makofi matupu. Simu, ujumbe, mtu mlangoni, simu. Ukija kuongeza makofi mengine ya saa mbili, hujapumzika, umebadilisha tu anayekupigia.

Spirited Away, ya mwaka 2001, nayo ina nafasi hizo, lakini zimefichwa ndani ya hadithi nzito zaidi. Ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2002 na Oscar ya filamu ya katuni mwaka 2003, na wengi husema ndiyo kazi kubwa ya Miyazaki. Msichana wa miaka kumi, Chihiro, anapotea na wazazi wake kwenye mji mtupu. Wazazi wanakula chakula kisicho chao, wanageuka nguruwe. Ili asipotee kabisa inabidi aombe kazi kwenye bafu kubwa wanakokuja kuoga miungu.

Umesikia sawa, aombe kazi. Sehemu kubwa ya filamu hii ni siku ya kwanza kazini. Kuna mwajiri mwenye sauti kali, mchawi Yubaba, anayemsainisha mkataba na kumnyang'anya jina. Kuna mzee wa tanuri mwenye mikono sita anayekula palepale kazini. Kuna mteja mwenye harufu mbaya ambaye wafanyakazi wote wanamkimbia, naye anaachiwa Chihiro, mgeni wa kazi. Ukiwa umetoka kwenye siku ya namna hiyo, unaweza kuiona filamu hii kama kurudi ofisini kwa mlango wa nyuma. Au unaweza kucheka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi huwa nauona wepesi huo mapema, yule mteja anapoingia bafuni na mtoto anagundua kwamba uvundo wote ni takataka za binadamu zilizomkwama mwilini. Wanamvuta kamba, inatoka baiskeli, yanatoka mapipa, na chini yake kumbe ni mungu wa mto. Nimewahi kuwahudumia watu ambao ningependa kuwavuta baiskeli namna hiyo.

Halafu kuna treni. Karibu na mwisho Chihiro anapanda treni inayopita juu ya maji ya kina kifupi, abiria wenzake ni vivuli, vituo vinapita, jua linazama, hakuna anayesema neno. Dakika chache tu. Lakini ili uzifikie dakika hizo lazima upite kwenye dude lisilo na uso linalomeza watu, damu ya joka, na wazazi waliogeuka nguruwe mbele ya mtoto wao. Wapo wanaoona ni sawa. Mwenzangu mmoja hawezi kuitazama usiku kwa sababu ya wale nguruwe tu.

Uamuzi wangu: uchovu wa mwili, Totoro. Uchovu wa watu, yaani ule unaotokana na kutendewa vibaya na kukaa kimya, Spirited Away, kwa sababu yule msichana anaingia mle anatetemeka na anatoka anajua jina lake. Ila saa mbili na nusu iwe ndiyo mwisho wa kuianza.

Angalizo moja kabla hatujaiacha Ghibli. Totoro ilipotoka Aprili 1988 ilionyeshwa pamoja na filamu nyingine ya studio hiyohiyo, Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, kwa tiketi moja. Leo nayo utaiona imekaa jirani yake kwenye orodha, na michoro inafanana ukitazama kwa haraka. Hiyo si njozi. Ni watoto wawili na njaa ya vita. Usibofye kwa makosa ukiwa na kazi kesho.

Ile ya kuiacha kwa leo

Pan's Labyrinth ya Guillermo del Toro, 2006, nitaipitia haraka ingawa ni bora kuliko nyingi nilizozitaja. Ilichukua Oscar tatu, za upigaji picha, usanifu wa mandhari na vipodozi vya sura. Jalada lake lina msichana na mti, kwa hiyo watu huidhani ni ngano ya kulalia. Mazingira ni Hispania ya mwaka 1944, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha ila kuuana hakujakwisha, na kapteni mmoja wa jeshi, baba wa kambo wa msichana, anamfanyia kijana mmoja jambo kwa chupa ambalo sitalieleza. Kiumbe wake asiye na macho usoni, aliyeyaweka viganjani, utaota naye. Na yuko mezani, mbele ya chakula. Baada ya kazi? Hapana. Jumamosi mchana, pazia limefunguliwa, ndiyo.

Mbili za kwetu, barani

Si kila njozi inatoka Ulaya au Japani, na hapa nina pendekezo ambalo nimeshangaa kuona halitajwi sana.

Kirikou et la Sorcière ya mwaka 1998 ina dakika sabini na kidogo, fupi kuliko zote hapa. Mwongozaji wake, Michel Ocelot, ni Mfaransa aliyeishi utotoni nchini Guinea, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Mtoto anasema akiwa bado tumboni mwa mama yake, anajizaa, anakata kitovu mwenyewe na kuuliza wanaume wa kijiji wako wapi. Inasemekana mchawi Karaba amekausha chemchemi. Wakubwa wanamwogopa; mtoto anauliza tu, kwa nini ni mbaya? Jibu lipo, na ni jibu la kumuonea huruma. Mtu aliyekulia kwenye hadithi za sungura na fisi hahitaji kuelekezwa chochote humu: mdogo mwenye akili, mkubwa mwenye nguvu, wimbo unaorudi kila mdogo anaposhinda. Michoro ni bapa na rangi zimetulia, hakuna kinachokurukia usoni. Ni filamu ya kuanza saa tatu na bado ukalala mapema.

Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1987, iko ng'ambo ya pili kabisa. Kijana mwenye nguvu za uganga anasakwa na baba yake mzazi anayetaka kumuua, na anavuka nchi ya Wabambara na Wafulani akielekea pambano la mwisho. Jina la filamu maana yake ni mwanga, na kweli mwanga ndio mwigizaji mkuu: vumbi, jua, maziwa yanayomiminwa kichwani. Inakwenda taratibu sana. Ina nafasi kati ya makofi kuliko zote, nyingi mno kwa mtu aliyechoka. Nafasi hizo usingizi utazijaza. Nami nadhani ni haki yake itazamwe na mtu aliyelala vya kutosha.

Mpya, au ile unayoijua kwa moyo?

Watu huona haya kurudia filamu, kana kwamba ni uvivu. Ni uvivu, na ndio tunaoutafuta. Filamu uliyokwisha kuiona haina deni la kumbukumbu: unajua nani anakufa, unajua pa kuinuka kwenda jikoni. Filamu za Harry Potter, nane zilizotoka kati ya 2001 na 2011, zimekuwa za namna hiyo kwa watu wengi, hasa ile ya kwanza, ambamo hatari ni ndogo na sehemu kubwa ni mtoto anayegundua kwamba kuna mahali anakaribishwa. Kwa mtu anayeiona mara ya kwanza, dakika 152 ni ndefu kwa usiku wa kazi. Kwa anayeiona mara ya sita, anaweza kuizima popote na asikose kitu. Filamu ni ileile, madai ni tofauti kabisa.

Groundhog Day ya mwaka 1993 nayo hufaa kurudiwa, na ndiyo hoja yake yote: mtangazaji wa hali ya hewa anaamka kila siku kwenye siku ileile. Filamu haielezi kamwe kwa nini, na hiyo ni heshima kubwa kwa akili iliyochoka, hakuna kanuni za uchawi za kukariri. Ila ukiwa kwenye wiki ambayo Jumanne imefanana na Jumatatu hadi kwenye kikombe cha chai, kicheko chake kinaweza kukukwama kooni. Mimi huipendekeza kwa aliye likizo.

Neno kuhusu macho. Filamu za Ghibli zinapatikana kwa Kijapani chenye maandishi chini ya picha, au kwa lugha nyingine zilizotiwa sauti upya. Wapenzi wa filamu watakwambia usikilize sauti za asili, na mchana nakubaliana nao. Lakini kama umeshinda unasoma kioo kwa saa nane, kusoma tena mistari midogo usiku ni kuendelea na zamu. Chukua yenye sauti ya lugha unayoielewa, au chagua Totoro, ambayo hata ukiacha maandishi utaifuata kwa picha tu. Pan's Labyrinth na Yeelen hazikupi nafuu hiyo. Nyingine ni ya Kihispania, nyingine ya Kibambara, na zote zinastahili macho mapya.

Sasa, pete. Toleo lake refu, lile linalozidi saa tatu na nusu ukihesabu na majina ya mwisho, lilipotolewa kwenye DVD liligawanywa diski mbili, na diski ya kwanza inaishia mara baada ya lile baraza. Waliolikata walijua walichokifanya, pale ndipo hadithi inapovuta pumzi. Kwa hiyo hata kama unayo nzima bila diski, simamisha hapo, zima taa, malizia kesho. Usiku wa kwanza una Shire, fataki na mto unaogeuka farasi. Usiku wa pili una machimbo yenye giza na lile shimo.

Nilifanya hivyo mwezi uliopita, nikaanza mapema, na kwa mara ya kwanza nikalimaliza baraza nikiwa macho. Walibishana. Walipandishiana sauti. Kisha mdogo kuliko wote akasimama, akasema pete ataibeba yeye, ingawa njia haijui, na mkutano ukaisha. Nikazima nikiwa nimepigwa na butwaa. Miaka yote hii kazini, sijakaa kwenye mkutano ulioisha namna hiyo.